Ripoti ya mwezi ya bomba haifungi: dizeli pungufu 0.41%, petroli imezidi. Nianzie wapi?

Karani_wa_Bomba

Wakuu, salaam.

Naandaa ripoti ya mwezi ya bomba la bidhaa tatu: petroli, dizeli na mafuta ya ndege (Jet A-1). Bomba ni la inchi 14, ukuta mm 6.35, urefu km 310, kutoka depo ya pwani hadi depo ya bara. Mwanzoni mwa bomba kuna mita. Mwisho kuna matangi, gantri ya malori (jukwaa la kupakilia), na wateja wawili wanaovuta kwa bomba dogo toka kwenye matangi yetu. Kila kitu kwenye ripoti kinaandikwa kwa m³ za nyuzi 20, yaani ujazo uliorekebishwa kana kwamba mafuta yako nyuzi 20 za Selsiasi.

Dizeli imekaa hivi:

Salio la kuanzia: matangi 21,450 + ndani ya bomba 12,300 = 33,750
Mapokezi: 96,200
Yaliyotoka: gantri 58,900 + wateja wa bomba dogo 36,100 = 95,000
Salio la vitabuni: 34,950
Salio la dipu (matangi yamepimwa kina kwa tepu): matangi 24,310 + ndani ya bomba 10,244 = 34,554
Tofauti: pungufu 396, yaani 0.41% ya mapokezi

Petroli imezidi 168. Jet ni pungufu 9 tu, hiyo hainisumbui.

Ndani ya bomba mwanzoni mwa mwezi kulikuwa na dizeli 12,300, petroli 14,328 na jet 2,000. Mwisho wa mwezi dizeli 10,244 mbele, petroli 18,384 nyuma yake, jet hakuna. Nazipata kwa kuzidisha kilomita za kila bachi (mkupuo wa bidhaa moja) kwa ujazo wa kilomita moja.

Mfumo wa kugundua uvujaji haukulia mwezi mzima, na hakuna taarifa ya wizi. Je, 396 niiandike kama hasara ya usafirishaji na kufunga hesabu? Na hiyo njia ya kilomita ni sahihi?

MzeeDipu

Usiandike hasara yoyote kwanza. Ukishaandika "hasara ya usafirishaji" umemwambia mdhibiti na mamlaka ya kodi kwamba mafuta yamepotea, na baadaye ukigundua yapo tangini utakuwa na kazi ya kuyafufua. Mafuta ya 0.41% hayapotei kimyakimya kwenye bomba zima. Mara nyingi yapo, ila umeyapima saa moja na kuyahesabu saa nyingine.

Kabla ya yote, lete saa. Sio tarehe, saa. Nataka saa ambayo mita ya pwani ilisomwa, saa ambayo kila tangi lilipigwa dipu, saa ya tiketi ya mwisho ya gantri, na saa uliyotumia kukadiria bachi ziko kilomita gani. Zote nne zinatakiwa ziwe saa moja. Bomba lako likisukuma, kila dakika linaingiza mafuta tangini, na dakika hizo zina uzito wake kwenye m³.

Halafu angalia hiyo saa imeandikwaje. Mfumo wa chumba cha udhibiti unaandika 06:00. Mpiga dipu anaandika kwenye fomu kama anavyosema mdomoni: saa 11:20, saa 12:00. Ukiona "11:20" kwenye fomu, ni alfajiri au ni kabla ya adhuhuri? Fomu ya dipu iwe na saa za 24 tu, iandikwe hivyo juu ya safu kwa wino usiofutika.

Na kama tangi lilikuwa linapokea wakati wa dipu, hiyo dipu ni ya nini? Tangi la kufungia mwezi lipumzike. Kwa bidhaa nyepesi subiri angalau dakika 30 baada ya kujaza ndipo ushushe tepu, kwanza kwa ajili ya umeme tuli, pili kwa ajili ya uso wa mafuta kutulia. Piga mara tatu. Vipimo vitatu visipishane zaidi ya mm 3. Tangi la kipenyo cha m 30 lina m³ 0.71 kwa kila milimita, kwa hiyo kosa la kawaida la mkono ni m³ 2, sio 396. Joto lichukuliwe juu, katikati na chini kama kina kinazidi m 3.

Nyuzi20

Nakubaliana na Mzee. Mimi naongelea njia ya kilomita.

Hesabu ya ujazo iko sawa. Kipenyo cha nje mm 355.6, toa ukuta mara mbili, unabaki na mm 342.9 kwa ndani. Hiyo ni m³ 92.35 kwa kilomita, na km 310 ni m³ 28,628. Jumla zako zote mbili zinafika hapo, vizuri.

Shida ni kwamba hizo ni m³ za nafasi, sio m³ za nyuzi 20. Umechukua mafuta yaliyo ndani ya bomba kwa joto la udongo na kuyajumlisha na ya matangini yaliyokwisha kurekebishwa. Ni sawa na kujumlisha shilingi za nchi mbili. Tuseme udongo unakaa nyuzi 27 kwa wastani (pima, usichukue namba yangu). Dizeli ya densiti 835 inatanuka kama 0.00085 kwa kila nyuzi, petroli ya 745 kama 0.00123, jet ya 800 kama 0.00093. Kwa nyuzi 7:

Dizeli: salio la kuanzia limeandikwa zaidi kwa m³ 73, la mwisho kwa 61. Ukirekebisha yote mawili, upungufu unashuka kwa 12 tu. Kosa linajifuta lenyewe kwa sababu kiasi cha mwanzo na mwisho kinakaribiana.

Petroli: haijifuti. Ilikuwa 14,328 ikaja 18,384. Tofauti ya m³ 4,056 mara 0.0086 ni kama m³ 35 za ziada hewa.

Jet: ilikuwa 2,000, ikaisha yote. Mwanzo uliandikwa zaidi kwa m³ 13, mwisho sifuri. Upungufu wako wa 9 unageuka ziada ya 4. Kwa hiyo ile bidhaa ambayo haikusumbui ndiyo iliyokuwa na kosa zima bila kujifuta. Namba ndogo sio ushahidi wa hesabu safi.

Nyuzi 20 sio mapenzi ya mtu. Kenya ushuru wa bidhaa kwenye petroli na dizeli unatozwa kwa lita 1,000 za nyuzi 20, kwa hiyo ripoti ikichanganya joto, inachanganya na kodi. Tumia majedwali ya 59 na 60 ya ASTM D1250 (kiwango cha kurekebisha ujazo wa mafuta kwa joto) au programu inayoyafuata. Hivi vizidisho vyangu vya mstari mmoja ni vya kutafutia kosa, sio vya kuwasilishia.

Na usitumie joto moja kwa bomba zima kama linapanda kutoka pwani kwenda nyanda za juu. Ligawe kwenye stesheni za pampu, kila kipande na joto lake. Bomba la TAZAMA linakwenda km 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Tangu ligeuzwe kubeba dizeli 2023 halina tena mafuta ghafi yaliyochanganywa, lakini kwa urefu ule joto la pwani huwezi kulibandika hadi Zambia.

Mita_na_Tiketi

Kuna mshukiwa mwingine hapo kwa Nyuzi20: presha.

Bomba likiwa linasukuma kwa wastani wa bar 40, dizeli inabanwa kama 0.32%, na chuma chenyewe kinatanuka kidogo, karibu 0.1%. Kwa bomba lako la m³ 28,628, likiwa limejaa dizeli, hiyo ni m³ 120 ambazo zipo bomba likisukuma na hazipo likiwa limezimwa na presha imeshuka. Mwezi ukianza bomba likiwa limetulia na ukaisha likiwa linasukuma, utaona mita imeingiza mafuta ambayo hayaonekani popote. Watu huanza kutafuta mwizi.

Kwa hiyo swali: tarehe 1 zote mbili, ya kuanzia na ya kufungia, bomba lilikuwa linasukuma?

Pili, mita ya pwani. Ilijaribiwa lini kwenye kipimio (kifaa cha kuhakiki mita), na kizidisho chake, ile namba ya kusahihishia usomaji wa mita, kilibadilika katikati ya mwezi? Ikitoka 0.9985 kwenda 1.0007 ni 0.22%, na kwenye dizeli yako ni m³ 212. Kizidisho kipya kinaanza kwenye tiketi inayofuata. Nimeona karatasi za Excel ambazo kizidisho kipo kwenye seli moja na kila tiketi ya mwezi inakisoma. Ukibadilisha seli, mwezi mzima uliokwisha sainiwa unabadilika nyuma ya mgongo wako. Kila tiketi ibebe kizidisho chake. Na jaribio lenyewe: mizunguko mitano, tofauti kati ya mkubwa na mdogo isizidi 0.05%. Ikizidi, usichukue wastani ukaondoka. Tafuta hewa, valvu ya kipimio inayopitisha, au joto ambalo halijatulia.

Tatu, hao wateja wa bomba dogo. Wanavuta toka kwenye matangi yako, sio? Hakikisha hakuna mtu anayehesabu kuingia kwenye matangi yenu kama "kutoka kwenye bomba" halafu kutoka matangini tena kama "kutoka". Bomba kumwaga kwenye tangi lako ni uhamisho wa ndani. Kutoka ni pale mafuta yanapoondoka kwenye mikono yako. Vilevile mafuta kubadilisha mwenye ndani ya tangi lile lile, kampuni A kumuuzia kampuni B kwa karatasi, sio kutoka na sio kupokea. Yanaathiri ripoti ya wenye mali, hayagusi ripoti ya bomba.

Karani_wa_Bomba

Asanteni sana wakuu. Nimerudi na fomu.

Bomba lilikuwa linasukuma tarehe 1 zote mbili, presha karibu sawa. Kasi mwisho wa mwezi ilikuwa m³ 410 kwa saa. Kizidisho cha mita hakikubadilika. Uhamisho wa ndani hauhesabiwi mara mbili, nimeuangalia.

Saa sasa. Mita ilisomwa 06:00, na kilomita za bachi zimekadiriwa kwa 06:00. Gantri ilifungwa usiku, bomba dogo halikuwa likivuta. Matangi yote yana dipu ya 06:00 isipokuwa tangi namba 4, ambalo fomu imeandikwa "11:20". Nimemuuliza mpimaji: ni saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri. Na tangi 4 ndilo lililokuwa linapokea dizeli! Mwezi uliopita tangi lililopokea lilipigwa 06:00 sawasawa.

MzeeDipu

Si nilisema.

05:20 hadi 06:00 ni dakika 40. Kwa 410 kwa saa ni m³ 273. Mita ya pwani imezihesabu, tangi lilishapimwa kabla hazijafika. Upungufu wa 396 unabaki 123, ukitoa 12 za Nyuzi20 unabaki 111.

Na kwa sababu mwezi uliopita dipu ilikuwa 06:00, kosa halijifuti. Lingekuwa 05:20 kila mwezi usingeliona kamwe, na hilo ndilo baya zaidi: mwezi mpimaji akibadilishwa, m³ 273 zinaibuka au zinazama bila sababu.

Tangi linalopokea usilifunge kwa dipu ya kukimbizana. Elekeza bomba kwenye tangi jingine saa moja kabla, au soma kipimo cha kielektroniki cha tangi kwa 06:00 kamili na uandike kwamba tangi lilikuwa linapokea. Kama hakuna njia zote mbili, chukua dipu, andika dakika, jumlisha kasi mara muda, na uweke karatasi ya hesabu hiyo nyuma ya fomu.

Bi_Gantri

Jamani mbona mnaikimbia petroli? Upungufu una maelezo mengi, lakini ziada ndiyo ya kuogopa. Petroli haizaliwi. Ukiona m³ 168 zimezidi, ama zimechukuliwa kwa bidhaa nyingine, ama mtu amepakiliwa pungufu na karatasi inasema amejaziwa. La pili ni mteja wako.

Tuanze na la kwanza. Dizeli imebaki na pengo la 111, petroli imezidi, na mwisho wa mwezi hizo mbili zimegusana ndani ya bomba. Kilomita moja ya bomba lako ni m³ 92. Ukikosea mpaka wa bachi kwa kilomita moja, dizeli inapungua 92 na petroli inaongezeka 92, na jumla ya bomba inabaki 28,628 vilevile, kwa hiyo hakuna kinachokushtua. Tafadhali niambie mpaka uliuweka km 199 kwa kutumia nini: saa ya kitabu cha chumba cha udhibiti, au mabadiliko ya densiti kwenye mita?

Karani_wa_Bomba

Dada, tiketi za mita zinakatwa na kipima densiti, pale inaposhuka toka 835 kuelekea 745. Kilomita nimezipata toka kitabu cha chumba cha udhibiti, saa waliyoandika "badili kwenda petroli". Nimeilinganisha sasa hivi: kitabu kinatangulia densiti kwa dakika 14.

Bi_Gantri

Dakika 14 kwa 410 kwa saa ni m³ 96, kilomita moja na mita 40 hivi. Hapo ndipo.

Kitabu kimeandika amri ya kubadili. Valvu inachukua muda wake, pampu ya tangi la pili inachukua muda wake, na mita iko mbali kidogo na matangi. Dakika 14 zote dizeli ilikuwa bado inapita. Kwenye mapokezi umeihesabu kama dizeli, sahihi, kwa sababu tiketi ilifuata densiti. Kwenye bomba umeihesabu kama petroli. Ungekosea pande zote mbili kwa saa ile ile usingeona tofauti yoyote. Tukio moja, saa mbili, na pengo ni lako.

Kwa hiyo tumia namba ya mita kwenye tiketi, sio saa. Mpaka uko kilomita ngapi? Chukua m³ za petroli zilizopita mitani tangu densiti ivuke katikati (790 kwa bidhaa zako), zirudishe kwenye joto na presha ya bomba, gawanya kwa 92.35. Ukisahau kuzirudisha kwenye joto la bomba, kwa petroli m³ 18,000 na nyuzi 7 unakosea zaidi ya kilomita moja na nusu upande wa pili.

Sasa dizeli: 396 − 273 − 12 − 96 = 15. Petroli: 168 − 96 = 72. Lile rekebisho la joto la Nyuzi20 nalo linabadilika kidogo kwa sababu petroli ya mwisho sasa ni 18,288, linakuwa 34. Ziada inabaki 38.

Hizo 38 nenda gantri. Kila mkono wa kupakilia una kihisi joto chake kinachorekebisha lita kuwa za nyuzi 20 kabla ya kuchapa tiketi. Kihisi kikifa, mitambo mingine haisimami, inaweka joto la kudumu la nyuzi 20 na kuendelea kupakia. Petroli mchana iko nyuzi 30. Mkono mmoja ukipakia m³ 3,000 kwa mwezi hivyo, karatasi inasema 3,000 zimetoka na ukweli ni 2,963. Ziada 37. Chukua tiketi za petroli, zipange kwa mkono, tazama safu ya joto. Mkono ulio na 20.0 mwezi mzima, asubuhi na mchana, ndio huo.

Na malori yaliyorudi? Lori likikataliwa likamwaga tena, hiyo ni kupunguza kutoka, sio kupokea. Ukiiweka mapokezi, bomba linaonekana limeleta mafuta ambayo hayakupita kwenye mita.

Nyuzi20

Bi Gantri amenikumbusha mchanganyiko. Karani, ile sehemu ya kati ya dizeli na petroli mnaiweka wapi?

Karani_wa_Bomba

Tangi la mchanganyiko. Mwezi huu ziliingia m³ 64. Nimezigawa nusu kwa nusu, 32 dizeli na 32 petroli, ziko ndani ya salio la matangi. Densiti ya tangi ni 799.

Nyuzi20

Nusu kwa nusu ni uvivu ulioandikwa kitaalamu. Densiti inakuambia yenyewe: (799 − 745) gawanya kwa (835 − 745) ni 0.6. Dizeli ni 60%, yaani 38, petroli 26. Dizeli inapata 6, petroli inapoteza 6. Dizeli pungufu 9, petroli ziada 32. Hapo kwa mkono wa gantri tafuta kama m³ 2,600 zilizopakiwa bila rekebisho.

Ila kwenye ripoti yenyewe mchanganyiko ungeupa mstari wake. Hauuziki kama petroli wala dizeli mpaka urudishwe kidogokidogo kwa kipimo ambacho maabara imekubali, au upelekwe kusafishwa. Ukiuficha ndani ya salio la petroli, mtu wa mauzo ataamini una m³ ambazo hawezi kuzipakia. Ni kama yale mafuta ya chini ya bomba la kufyonzea: yamo kwenye salio kwa sababu yapo, lakini hayavutiki, na ripoti nzuri inayataja pembeni.

Na matangi ya petroli yenye paa linaloelea, umetoa paa? Paa la tani 40 kwenye petroli ya 745 linasukuma kama m³ 54. Jedwali la tangi huwa limelitoa kwa densiti fulani, kwa hiyo unarekebisha tofauti ya densiti tu. Ila dipu ikiangukia pale paa linapoanza kukaa kwenye miguu yake, usiitumie kufungia mwezi.

Karani_wa_Bomba

Paa limetolewa kwenye jedwali, dipu ilikuwa juu ya eneo hilo.

Nimepata mkono. Namba 3, petroli, joto 20.0 kwenye kila tiketi kuanzia tarehe 9. Jumla ya m³ bado naitafuta.

Swali la mwisho. Salio la kuanzia la ripoti hii ni salio la mwisho la mwezi uliopita, ambalo limeshawasilishwa na mafuta ya bomba yasiyorekebishwa joto. Nibadilishe kuanzia tu?

Mita_na_Tiketi

Hapana, usiguse kuanzia peke yake. La kuanzia lazima lilingane hadi m³ ya mwisho na la kufungia lililowasilishwa. Mkaguzi akiweka ripoti mbili kando kwa kando, hicho ndicho anachokitazama kabla hajakaa vizuri. Njia ni mbili. Ama uwasilishe upya mwezi uliopita, na la kufungia jipya (dizeli ya bomba 12,227 badala ya 12,300, na kadhalika kwa petroli na jet), kisha mwezi huu uanzie hapo. Ama, kama mpokeaji hakubali marekebisho ya nyuma, uache la kuanzia lilivyo na uweke mstari wa "rekebisho la joto la ujazo wa bomba" mwezi huu, kila bidhaa na namba yake, na barua ya ukurasa mmoja. Mimi napendelea ya kwanza. Ya pili inakaa kwenye jedwali la mwaka kama jino bovu.

Mwezi huu dizeli itasomeka: kuanzia 33,677, mapokezi 96,200, kutoka 95,000, vitabuni 34,877. Dipu: matangi 24,310 + 273 + 6 = 24,589, bomba 10,340 baada ya mpaka kusahihishwa, toa 61 za joto, 10,279. Jumla 34,868. Pungufu 9, ambayo ni chini ya 0.01%. Hiyo sasa ndiyo unaiandika kama hasara, kwa jina lake, na unaigawa kwa wenye mali kama mkataba wa usafirishaji unavyosema. Petroli usiifunge mpaka mkono namba 3 uhesabiwe, kwa sababu pale kuna malori yaliyobeba pungufu na wenyewe wana haki ya kurekebishiwa. Tenga pia mzigo wa soko la ndani na wa nchi jirani kabla ya kugawa, maana karatasi zao za forodha ni tofauti.

Karani_wa_Bomba

Nimeelewa mkuu. Kuna nakala moja inakwenda kwa mkopeshaji, wanataka mapipa ya nyuzi 60 za Fahrenheit. Nazidisha m³ kwa 6.2898, sio?

Mita_na_Tiketi

Sio moja kwa moja. Hiyo 6.2898 inabadilisha kipimo, haibadilishi joto. Nyuzi 60 za Fahrenheit ni 15.56 za kwetu, kwa hiyo dizeli yako ya nyuzi 20 lazima ipoe nyuzi 4.44 kwanza, kama 0.38%. 34,868 mara 6.2898 inakupa mapipa 219,313, ambayo 827 kati yake ni hewa. Jibu ni kama 218,486, na namba ya mwisho itoke kwenye jedwali.

Marekani kwenyewe fomu ya mwezi ya mabomba ya bidhaa, EIA-812 ya idara ya takwimu za nishati, inataka maelfu ya mapipa na inawasilishwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Salio linaripotiwa na aliye nayo mikononi, awe mwenye mali au asiwe. Kama mkopeshaji wako anafuata mtindo huo, mpe salio lote lililo chini ya ulinzi wenu, kisha orodha ya wenye mali kama kiambatisho. Na kuzungusha kwenda maelfu kufanyike mwisho kabisa, kwenye kila mstari, sio katikati ya hesabu. Ukizungusha kuanzia, mapokezi na kutoka kisha ukatoa, unaweza kujitengenezea pipa 1,000 la upungufu ambalo halijawahi kuwepo.